Siku Moja na Familia Kwenye Magofu ya Fountains Abbey: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninaishi Leeds, na kila shule zinapokaribia kufungwa simu yangu hujaa maswali yale yale. Mama mmoja anauliza kama kigari cha mtoto kitapita. Baba mwingine anataka kujua kama ni kanisa. Bibi aliyekuja kututembelea kutoka nyumbani anauliza kwa nini tumpeleke kutazama nyumba iliyobomoka. Nimeyajibu hapa yote kwa pamoja, nikitumia yale niliyoyaona kwa macho yangu, kwa kuwa tumekwenda mara nyingi na watoto wa kila umri.

Fountains Abbey ni nini hasa?

Ni magofu ya abasia, yaani makao ya wamonaki, katika bonde la mto Skell karibu na mji mdogo wa Ripon, kaskazini mwa Uingereza. Wenzetu wa kusini mwa Tanzania hawahitaji kuelezwa abasia ni kitu gani, maana Ndanda na Peramiho zipo, na wamonaki wa Kibenedikto bado wanaishi na kusali humo. Ukitaka kuielewa Fountains, fikiria Peramiho bila paa, bila mabruda na bila kengele, kuta zake zimesimama kwenye majani mabichi na kunguru wamejenga viota madirishani. Haijakaliwa na wamonaki tangu 1539.

Pamoja na magofu kuna bustani kubwa ya maji ya karne ya 18 na mbuga ya kulungu iitwayo Studley Royal. Eneo zima lina ekari zaidi ya 800 na limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1986. Linatunzwa na National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi majengo na mandhari ya kale.

Ilianzaje?

Waelezeni watoto hadithi hii mkiwa bado garini, wafike wakiwa na hamu.

Mwaka 1132 wamonaki 13 waliondoka kwenye abasia ya St Mary's huko York. Waliona maisha ya pale yamekuwa ya starehe mno, chakula kingi na sala haraka haraka. Ulitokea ugomvi mkubwa, na Askofu Mkuu Thurstan akawachukua chini ya ulinzi wake. Siku mbili baada ya Krismasi aliwapa kipande cha ardhi katika bonde hili, wakati huo pori la miiba na mawe. Hawakuwa na nyumba. Walijikinga chini ya majabali na chini ya mti mkubwa, baridi ile ya Desemba.

Mmonaki mzee aitwaye Serlo alisimulia miaka mingi baadaye jinsi njaa ilivyowabana hadi wakachemsha majani ya miti wakala. Siku moja masikini alibisha akiomba mkate. Mikate iliyobaki ilikuwa haifiki mitatu, na mafundi waliokuwa wakijenga walikuwa wanasubiri kula. Abate, yaani mkuu wa abasia, akaamuru masikini apewe mkate mzima. Kabla siku haijaisha likaja gari la kukokotwa limejaa mikate, limetumwa na bwana wa ngome ya Knaresborough. Mwanangu wa miaka sita aliponisikia nikisimulia hivi aliuliza jambo moja tu: "Yule masikini alijua habari ya ile mikate?" Sikuwa na jibu, lakini siku ile hakusumbua kuhusu kutembea.

Mwaka 1135 wakakubaliwa katika shirika la Wasitoo, jina litokalo Cîteaux kule Ufaransa. Wasitoo walivaa sufu isiyotiwa rangi, ndiyo maana watu waliwaita wamonaki weupe.

Watu masikini hivyo walipataje pesa za kujenga jumba kubwa namna hii?

Kondoo. Walipewa mashamba na malisho na watu waliotaka kuombewa, wakafuga kondoo kwa maelfu, na sufu yao ikanunuliwa na wafanyabiashara wa Italia, wa Florence hasa. Kazi kubwa ya mashamba ilifanywa na mabruda wasio makasisi, watu wa kawaida walioweka nadhiri na kuvaa kanzu lakini hawakusoma Kilatini. Mabruda hao ndio walioibeba abasia mgongoni. Baadaye tamaa ya kuuza sufu ya miaka ijayo kabla kondoo hawajanyolewa iliwaingiza wamonaki kwenye madeni makubwa. Yeyote aliyewahi kuuza karafuu au kahawa ikiwa bado mtini anajua habari hiyo inavyokwenda.

Kwa nini limebomoka? Ilikuwa vita?

Hapana. Lilibomolewa kwa amri. Mfalme Henry VIII alivunja uhusiano na Papa wa Roma, akajifanya mkuu wa Kanisa la Uingereza, kisha kati ya 1536 na 1540 akazifunga nyumba zote za watawa na kuchukua mali zao. William Thirsk, aliyewahi kuwa abate wa hapa, alinyongwa London mwaka 1537 kwa kuhusishwa na uasi wa watu wa kaskazini waliopinga. Abate wa mwisho, Marmaduke Bradley, alisaini hati ya kukabidhi kila kitu tarehe 26 Novemba 1539. Yeye na wamonaki wake walipewa pensheni, wakatawanyika.

Kilichofuata ndicho kinachoeleza mnachokiona. Paa la majengo kama haya liliezekwa kwa risasi, madini ya thamani, kwa hiyo kitu cha kwanza kuondolewa kilikuwa paa. Nyumba ikishapoteza paa, mvua inamaliza kazi. Vioo, kengele na mbao viliuzwa. Mawe nayo yakachukuliwa: mkielekea lango la magharibi mtaona jumba zuri liitwalo Fountains Hall, limejengwa miaka ya karibu 1600 kwa mawe ya abasia. Msimamisheni mtoto mbele yake mumwonyeshe, mawe ni yale yale.

Sisi ni Waislamu. Tunaweza kuingia? Na swala je?

Ingieni kwa amani. Hakuna ibada inayoendelea kwenye magofu, na wageni wa kila dini na wasio na dini wanatembea humo kila siku. Watoto wetu huelewa haraka wanapoambiwa kwamba wamonaki waliamka saa nane za usiku wakashuka ngazi gizani kwenda kusali, kwa sababu wamemwona babu yao akiamka kwa ajili ya tahajudi.

Adhuhuri na alasiri huwa tunasali kwenye nyasi, pembeni ya njia, mkeka tunao garini. Chukueni maji ya kutawadha kwenye chupa, au tumieni vyoo vya kituo cha wageni kabla ya kushuka. Hatujawahi kubughudhiwa. Mara moja mzee wa Kiingereza alisubiri mpaka tukamaliza ndipo akapita na mbwa wake, kisha akatusalimu.

Na kwa Wakristo wanaotaka kuona kanisa lenye paa: ndani ya mbuga kuna kanisa la St Mary, kazi ya William Burges ya miaka ya 1870, lenye rangi na dhahabu ndani ya kukupumbaza. Halifunguliwi kila siku, hivyo angalieni kwanza.

Watoto wataona nini? Kuta tu si zitawachosha?

Kuta bila hadithi zinachosha hata watu wazima. Hizi ndizo sehemu ambazo kwetu hazijawahi kushindwa.

Anzeni na ghala la chini, upande wa magharibi. Ni ukumbi wa urefu wa karibu mita 90, safu moja ya nguzo katikati, na kutoka kila nguzo matao yanachipuka juu na kutawanyika kama makuti ya mnazi. Paa lake la mawe halikuanguka. Humo walihifadhi vyakula na sufu, na mabruda walikuwa na bwalo lao upande wa kusini na malazi yao ghorofani. Waacheni watoto waite majina yao. Sauti inakwenda mpaka mwisho na kurudi. Mimi husimama mlangoni, niguse nguzo ya kwanza: jiwe ni baridi hata mwezi wa Julai, na mahali pengine unaona mikwaruzo ya patasi ya fundi, mistari ya mshazari iliyo karibu karibu, utadhani alitoka kwenda kula na atarudi.

Kisha chumba cha moto. Kina meko mawili makubwa kiasi cha familia nzima kusimama ndani. Hapa palikuwa karibu mahali pekee, ukiondoa jiko na nyumba ya wagonjwa, ambapo mmonaki angeweza kuota moto. Waulizeni watoto: mngeweza kuishi Yorkshire bila kipasha joto?

Vyoo. Ndiyo, watoto wote duniani wanapenda habari za vyoo. Wamonaki walijenga juu ya mto, maji ya Skell yakapitishwa kwenye mahandaki ya mawe chini ya majengo, yakasafisha kila kitu. Mahandaki yale bado yapo, mto bado unapita ndani yake.

Ndani ya kanisa, nendeni mpaka mwisho wa mashariki, mahali paitwapo kikanisa cha altare tisa. Tafuteni dirisha ambalo tao lake lilipata ufa. Karne ya 15 mafundi waliliziba, na juu ya ufa wakachonga malaika upande mmoja na uso wa mtu mwenye majani upande mwingine. Ni padogo na pako juu. Wengi hupita bila kupaona. Huwaahidi watoto andazi la ziada kwa atakayekuwa wa kwanza kumwona malaika.

Na mnara. Ulijengwa na abate Marmaduke Huby, aliyeongoza tangu 1495 hadi 1526, una kimo cha karibu mita 50. Wasitoo wa mwanzo walikataza minara ya fahari. Huby akajenga huu, na miaka 13 tu baada ya yeye kufa abasia ikafungwa.

Bustani ya maji nayo ni ya wamonaki?

La, ilikuja karibu miaka 180 baada yao. John Aislabie alikuwa waziri wa fedha wa Uingereza. Alijiingiza katika biashara ya hisa za Kampuni ya South Sea, ambayo ilianguka 1720 na kufilisi watu wengi. Mwaka uliofuata Bunge lilimfukuza na kumfunga katika Mnara wa London. Alipotoka alirudi nyumbani kwake Studley, ambako alikuwa ameshaanza bustani, akaweka nguvu zake zote hapo hadi kufa kwake 1742. Alichepusha mto uwe mfereji mnyoofu, akachimba mabwawa ya umbo la mwezi, akaweka sanamu na mahekalu madogo ya kupumzikia. Mwanawe William ndiye aliyenunua magofu yenyewe mwaka 1767 na kuyaunganisha na bustani.

Kwa hiyo kuna njia mbili: ya chini kando ya maji, tambarare, na ya juu kwenye miti. Ya juu ina handaki jeusi lililopinda, huoni mwisho wake unapoingia, na watoto watataka kulirudia. Mbele zaidi kuna mahali paitwapo Surprise View. Wafumbeni watoto macho kwa viganja, waongozeni mpaka ukingoni, kisha fungueni. Bonde lote linafunguka, na kule mwisho wa maji abasia imesimama.

Kulungu wanapatikana wapi, na ni salama?

Wako kwenye mbuga, nje ya lango la bustani. Nawaita kulungu kwa kukosa neno bora. Dume lake lina pembe zenye matawi ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka, tofauti na swala wetu. Wapo wa aina tatu. Kaeni umbali wa mita 50 au zaidi, msiwalishe, na ndama akiwa amelala peke yake kwenye majani mwezi wa Juni msimguse, mama yake yuko karibu. Mwezi wa Oktoba madume hupigania majike na kunguruma. Inapendeza kusikia, lakini msisogee.

Tufikeje, na kiingilio kikoje?

Kwa gari, kutoka Leeds ni kama saa moja. Fuateni vibao kutoka Ripon. Kwa usafiri wa umma, Ripon haina treni. Basi namba 36 linatoka Leeds kupitia Harrogate hadi Ripon, na zimebaki kilomita sita hivi za teksi au basi dogo ambalo halipiti kila siku. Hakikisheni ratiba ya kurudi kabla hamjaondoka. Sisi tuliwahi kulikosa basi la mwisho na watoto wamelowa, na teksi ilichukua muda mrefu kuja.

Tiketi hulipwa kwa abasia na bustani. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi. Wanachama wa National Trust huingia bila kulipa, na familia inayopenda matembezi itarudisha ada ya uanachama haraka. Kutembea kwenye mbuga ya kulungu hakuna kiingilio, ila maegesho hulipiwa. Nendeni mapema, saa nne asubuhi (wao wanaandika 10). Siku za baridi giza linaingia mapema na milango hufungwa mapema, kwa hiyo tazameni saa za siku hiyo kwenye tovuti yao.

Tunaweza kubeba chakula?

Bebeni. Kuna migahawa, lakini kwa familia ya watu saba bei inauma, na wanaotafuta nyama ya halali hawatapata mengi. Sisi hubeba sambusa, katlesi, mayai ya kuchemsha, maandazi, na chupa mbili za chai ya tangawizi. Mahali pazuri pa kutandika mkeka ni kwenye nyasi kusini mwa magofu, mto ukiwa karibu. Kuchoma nyama hakuruhusiwi. Bata watakuja, msiwape mkate. Takataka zote rudini nazo.

Mama mkwe ana magoti mabaya. Aje?

Aje, lakini msishuke naye kutoka kituo cha wageni, njia ile ina mteremko mkali na kurudi ni kupanda. Tumieni lango la magharibi, West Gate, ambako kuna maegesho ya wenye kibali cha ulemavu, na njia hadi abasia ni tambarare zaidi. Kuna viti vya magurudumu na vigari vya umeme vya kuazima; pigeni simu siku kadhaa kabla. Kigari cha mtoto kinapita njia za chini, ila ndani ya magofu sakafu ina ngazi na mawe yasiyo sawa, mbebeni mtoto mgongoni kwa kanga.

Kwa heshima yake, msimwache mzee kwenye benchi mkaenda kuzurura. Mama mkwe wangu alikaa kwenye kivuli cha mnara na wajukuu watatu, akawasimulia jinsi babu yake alivyochoma chokaa kwa matumbawe. Walimsikiliza kuliko walivyowahi kunisikiliza mimi.

Tuvae nini?

Viatu visivyoteleza, jambo la kwanza. Mawe yale yakilowa ni kama sabuni. Koti la mvua kwa kila mtu hata kama asubuhi jua linawaka, na soksi za akiba kwa watoto. Bonde lina baridi kuliko mjini.

Mambo gani yamekatazwa?

Kupanda kuta, kuogelea, kurusha droni, kuokota mawe. Mbwa waruhusiwa wakiwa kwenye kamba fupi. Mwenye mtoto anayeogopa mbwa ajue atakutana nao. Picha za familia pigeni mpaka simu zijae.

Kwa nini tuwapeleke watoto kwenye magofu ya Wazungu wakati yetu hawayajui?

Swali hili nimeulizwa kwa ukali, na aliyeuliza ana haki yake. Jibu langu ni kwamba watoto wanaokulia huku wanaweza kujifunzia hapa namna ya kulitazama gofu, kisha wakayatazama ya kwao kwa macho yaliyofunguka.

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa karne ya 11, kabla ya wamonaki wale 13 kufika bondeni. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa 1331 na kuusifu mji, hapa Fountains mabruda walikuwa wakinyoa kondoo. Biashara ya sufu ilijenga hapa, biashara ya dhahabu ikajenga kule. Kilwa iliingia orodha ya UNESCO 1981, miaka mitano kabla ya Fountains, na Gede ya Kenya imeingia 2024. Mimi huwaonyesha wanangu picha za kuba za Kilwa kwenye simu tukiwa ndani ya lile ghala, chini ya yale matao. Binti yangu mkubwa alizitazama zile nguzo za matumbawe, akazitazama hizi, akauliza lini tutakwenda Kilwa. Nauli tunaiweka kidogo kidogo.

Hatuna gari na mwezi huu pesa ni ndogo. Kuna pengine?

Nendeni Kirkstall Abbey, hapa hapa Leeds, kwa basi la mjini. Ni mtoto wa Fountains kabisa: wamonaki waliotumwa kutoka Fountains waliianza 1147 mahali pengine, wakahamia Kirkstall 1152. Bustani inayoizunguka ni ya wote, haina kiingilio, na mto Aire unapita pembeni. Kuta zimepigwa weusi na moshi wa viwanda vya zamani. Mkiwa na saa mbili za Jumamosi na chupa ya chai, zinatosha.